Saratani adimu za tezi dume: namna ya kufuata vipimo na tiba, hatua kwa hatua

Maswali ya familia ni yaleyale. PSA ya mzee, kile kipimo cha damu cha tezi dume, ni 2 tu, saratani imetoka wapi? Kwa nini daktari anataka kinyama kingine (kipande cha nyama cha kupimwa maabara) wakati cha kwanza kimeshasema ni saratani? Jirani alichomwa sindano ya homoni akapata nafuu, mbona baba yetu hakuandikiwa?

Zaidi ya saratani 95 kati ya 100 za tezi dume ni za aina moja, adenokasinoma ya kawaida. Hiyo hupandisha PSA, hupenda mifupa, na tiba ya homoni, ile ya kushusha homoni za kiume, huituliza. Mwongozo huu unahusu zile chache zilizobaki, ambazo nyingi haziendi hivyo. Kwenye hizi, jina la aina ndilo linaloamua dawa. Mgonjwa akianzishiwa tiba kabla jina halijathibitishwa, anaweza kupoteza miezi mitatu ambayo hana.

Umeandikwa kwa ajili ya mgonjwa na ndugu anayemuuguza. Dozi zilizotajwa ni za kukusaidia kuelewa unachoandikiwa na kuuliza maswali ya maana. Si za kujitibia.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Majibu yote ya PSA pamoja na tarehe zake, hata ya miaka ya nyuma. Kama mgonjwa anameza finasteridi au dutasteridi, dawa za kupunguza ukubwa wa tezi, andika alianza lini. Baada ya miezi 6 hivi dawa hizi hushusha PSA kwa karibu nusu, kwa hiyo PSA inayosomeka 3 huenda ni 6.
- Ripoti kamili ya patholojia, si ule mstari mmoja ulioandikwa kwenye karatasi ya kuruhusiwa. Hakikisha ina namba ya maabara.
- CD za picha za CT na MRI, si maelezo ya karatasi peke yake.
- Kreatinini (kipimo cha figo), picha kamili ya damu, sodiamu, kalsiamu, vipimo vya ini na LDH (kimeng'enya cha damu ambacho uvimbe unaweza kukipandisha), vyote vya karibuni.
- Orodha ya dawa zote, hasa za kuzuia damu kuganda kama warfarini na klopidogreli. Dawa za miti shamba nazo ziandikwe. Nyingine huumiza ini au figo, na daktari akifichwa atailaumu kemo, yaani dripu ya dawa za saratani.
- Historia fupi: aliwahi kuugua kichocho au kukojoa damu utotoni? TB? Aliwahi kupigwa mionzi ya nyonga? Ana ndugu wa damu waliougua saratani ya matiti, ovari, kongosho au tezi dume?
- Kipimajoto cha nyumbani. Kitahitajika kuanzia Hatua ya 7, na usiku si wakati wa kuanza kukitafuta.
- Ndugu mmoja anayeshika faili na kuongea na madaktari. Wakiwa watano, kila mmoja hurudi nyumbani na habari yake.

Hatua ya 1: Angalia kama kuna jambo lisilolingana

Shaka huanza pale namba zinapokataa kwenda na hali ya mgonjwa. Mwambie daktari waziwazi ukiona mojawapo ya haya:

- PSA ndogo, lakini tezi ni kubwa na ngumu, au ugonjwa umeshafika kwenye ini, mapafu au ubongo.
- Mgonjwa ana miaka chini ya 40, au ni mtoto, na mkojo umeziba.
- Mkojo wa damu na kuziba ndizo dalili kuu, na kamera ikiingizwa inaonyesha uvimbe ndani ya njia ya mkojo.
- Mifupa kwenye picha imeliwa na kuacha mashimo. Saratani ya kawaida ya tezi dume huacha madoa meupe yaliyokomaa.
- Mgonjwa amekuwa kwenye homoni kwa muda mrefu, au ametumia abirateroni au enzalutamidi, vidonge vya tiba ya homoni. PSA imetulia chini, lakini uvimbe unaongezeka na anakonda.
- Sodiamu imeshuka bila sababu, au kalsiamu imepanda, au uso umevimba na kuwa wa mviringo huku sukari na presha vikipanda ghafla. Baadhi ya saratani za seli ndogo hutoa homoni zao wenyewe.

Onyo: PSA ndogo isikutulize. PSA hutengenezwa na seli za tezi dume ambazo bado zinafanya kazi yake. Seli zilizobadilika sana hazitengenezi tena, hivyo ugonjwa unaweza kujaa nyonga nzima na PSA ikabaki chini ya 1.

Hatua ya 2: Kinyama kichukuliwe kwa namna itakayotoa jibu

Hapa ndipo kesi nyingi huharibika. Kinyama kibovu hakirekebishwi na maabara yoyote.

Kama MRI ya tezi dume inapatikana, ifanywe kabla, kwa sababu baada ya kuchomwa tezi huvuja damu ndani na picha huchafuka kwa wiki kadhaa. MRI humwonyesha daktari pa kuchoma. Bila hiyo huchukuliwa vipande 12 kwa mpangilio, 6 kila upande, na vya ziada pale kidole au ultrasaundi ilipoona uvimbe. Ugonjwa ukiwa umeshafika kwenye ini au kwenye tezi za limfu, muulize daktari kama inafaa kuchukua kinyama huko. Kwa mgonjwa aliyekaa kwenye homoni kwa miaka, kinyama cha ini mara nyingi husema ukweli kuliko cha tezi dume yenyewe.

Kabla ya siku hiyo:

1. Mkojo upimwe na kuoteshwa. Ukiwa na maambukizi, yatibiwe kwanza.
2. Daktari aamue lini dawa ya kuzuia damu kuganda isimamishwe. Warfarini husimamishwa siku 5 hivi kabla. Usiisimamishe mwenyewe, hasa kama mgonjwa ana vali ya bandia ya moyo.
3. Uliza watapitia wapi, njia ya haja kubwa au msamba, yaani ngozi kati ya makende na njia ya haja kubwa. Kupitia msambani huleta maambukizi machache zaidi kwenye damu. Wakipitia njia ya haja kubwa, antibayotiki ni lazima, na wajulishe kama mgonjwa alikunywa siprofloksasini miezi ya karibuni kwa sababu wadudu wanaweza kuwa wameshaizoea.

Kinyama kikitoka, kiingie mara moja kwenye fomalini ya asilimia 10 yenye bafa, ujazo wake uwe angalau mara 10 ya ukubwa wa kinyama. Si maji ya dripu, si spiriti, si chupa tupu. Kila upande uwe na kikopo chake chenye jina, tarehe na mahali kilipotoka. Ukipewa mzigo huo upeleke maabara mwenyewe, jambo la kawaida kwetu, soma lebo ukiwa bado mbele ya nesi, hakikisha kifuniko kimekaza, na upeleke siku hiyohiyo. Usiweke kwenye friza. Barafu hupasua seli, na saratani ya seli ndogo ina seli laini zinazosagika hata kwa kubanwa tu. Zikisagika, mtaalamu wa patholojia huona utelezi wa rangi ya bluu na hawezi kusema kitu.

Fomu ya maabara isiandikwe "tezi dume, saratani?" basi. Iwe na PSA, umri, homoni zilizotumika, mionzi ya zamani, kichocho, na mahali ugonjwa ulipoonekana. Mtaalamu asiyeambiwa kuhusu homoni anaweza kuyaona mabadiliko yaliyoletwa na dawa na kuyapa jina lisilo lake.

Kuna wanaokataa wakisema kuchoma kunasambaza saratani. Hofu hiyo imewachelewesha wengi. Kinyama cha tezi dume kinachochukuliwa kwa sindano hakijulikani kueneza ugonjwa kwa kiasi cha kubadili hali ya mgonjwa. Kinachojulikana ni kwamba bila kinyama hakuna dawa sahihi.

Hatua ya 3: Soma ripoti

Ripoti zetu nyingi huandikwa kwa Kiingereza. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya utambuzi, utafute maneno haya:

- *Small cell* au *neuroendocrine*: saratani ya seli ndogo. Ndiyo yenye haraka kuliko zote hapa. Ikitokea mwanzoni kabisa ni chini ya 1 kati ya 100. Nyingi hutokana na saratani ya kawaida iliyobadilika baada ya homoni za muda mrefu.
- *Ductal*: hutokea kwenye mirija ya tezi, mara nyingi karibu na njia ya mkojo. Mara nyingi huchanganyika na ile ya kawaida.
- *Intraductal*: hujaza mirija iliyopo. Kwa kawaida iko pamoja na saratani kali pembeni yake.
- *Urothelial*: saratani ya utando wa njia ya mkojo au kibofu iliyoingia kwenye tezi dume.
- *Squamous* au *adenosquamous*: seli bapa, kama za ngozi.
- *Mucinous* na *signet ring*: zenye ute.
- *Sarcoma*: ya misuli au tishu za kushikilia, chini ya 1 kati ya 1,000.
- *Lymphoma*: saratani ya chembe za kinga iliyojitokeza kwenye tezi dume.

Alama ya Gleason, inayoonyesha ukali wa saratani ya tezi dume, haitolewi kwa saratani ya seli ndogo wala sarkoma, kwa hiyo usihangaike kuitafuta. Kwa *ductal* huandikwa 4+4=8. Ikiwa ripoti inasema *small cell* halafu hapohapo inatoa Gleason 9, uliza. Huenda ni mchanganyiko wa aina mbili, na mchanganyiko hutibiwa tofauti na aina moja tupu.

Hatua ya 4: Thibitisha jina kabla ya dawa

Kwa nyingi ya aina hizi, macho na hadubini havitoshi. Kuna kipimo cha kupaka kingamwili zenye rangi kwenye vipande vya kinyama kilekile, na kwenye ripoti hufupishwa IHC. Kama hakikufanywa, omba kifanywe. Mgonjwa hahitaji kuchomwa upya, kwa sababu kinyama kimehifadhiwa kwenye vibloko vya nta.

Majibu husomwa hivi; majina haya ni ya alama zinazotafutwa kwenye seli. Sinaptofisini, kromogranini, INSM1 au CD56 zikiwa chanya, na Ki-67 ikiwa juu ya asilimia 50, ni seli ndogo. Ki-67 ni kiasi cha seli zilizo kwenye mwendo wa kugawanyika, na kwenye aina hii mara nyingi hupita 80. GATA3 na p63 zikiwa chanya huku PSA na NKX3.1 zikiwa hasi, ni ya utando wa mkojo. Desmini na miojenini huelekeza kwenye sarkoma ya misuli ya watoto na vijana. CD20 huelekeza kwenye limfoma ya seli B. PSA na NKX3.1 zikiwa chanya, chimbuko ni tezi dume.

Alama moja peke yake isikubaliwe. Saratani ya kawaida ya tezi dume inaweza kuwa na seli chache zenye sinaptofisini bila kuwa saratani ya seli ndogo, na mgonjwa wa namna hiyo akipewa kemo kali anaumizwa bure.

Kisha swali la chimbuko: je, imeanzia hapa au imetoka kwingine?

- Aina yenye ute: wachunguze utumbo mpana kwa kamera. Ya *signet ring* wachunguze na tumbo la chakula.
- Seli bapa au ya utando wa mkojo: kibofu kichunguzwe kwa kamera. Kwa aliyekulia kanda ya Ziwa, Pemba au sehemu yoyote yenye kichocho, hili ni muhimu zaidi. Kichocho cha mkojo husababisha saratani ya kibofu ya seli bapa, nayo huteremka hadi kwenye tezi dume.
- Seli ndogo: CT ya kifua, kwa sababu saratani ya mapafu huonekana vilevile kwenye hadubini.

Maoni ya pili yanapatikana. Omba maabara vibloko au slaidi, saini, peleka hospitali kubwa yenye mtaalamu wa patholojia anayeshughulikia saratani. Tanzania uliza Ocean Road na Muhimbili jijini Dar es Salaam, Bugando Mwanza au KCMC Moshi. Kenya kuna Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta na ile ya rufaa ya Moi, Eldoret. Uganda ni Taasisi ya Saratani iliyo Mulago. Vibloko ni mali ya kulindwa: joto la gari lililofungwa juani huyeyusha nta, na kikipotea kibloko mgonjwa anarudi kuchomwa.

Hatua ya 5: Jua ugonjwa umefika wapi

CT ya kifua, tumbo na nyonga ndiyo msingi kwa aina zote. MRI ya nyonga huongezwa kwa sarkoma na kwa yeyote anayefikiriwa upasuaji. Kwa seli ndogo, ubongo upigwe picha kama kuna kichwa kuuma, kutapika, kizunguzungu au udhaifu wa upande mmoja.

Kipimo cha mifupa cha nyuklia kinaweza kudanganya hapa. Hunasa mfupa unaojijenga, na mfupa unaoliwa tu hunaswa vibaya. Majibu safi pamoja na mgongo unaouma usiku maana yake ni kwamba MRI ya uti wa mgongo bado inadaiwa. Vivyo hivyo PET, picha ya mwili mzima inayotumia dawa ya nyuklia, ikiwa ni ya PSMA, protini ya seli za tezi dume: seli ndogo mara nyingi haina PSMA, ugonjwa ukaonekana haupo. Kwa aina hii PET ya FDG, ile ya sukari, ndiyo huonyesha zaidi. Nairobi mashine za PET zipo Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta na Aga Khan. Lakini CT nzuri leo ni bora kuliko PET ya mwezi ujao, hasa kwa ugonjwa unaokwenda mbio hivi.

Hatua ya 6: Tiba kulingana na jina

*Seli ndogo.* Dawa ya kwanza ni dripu mbili pamoja: sisplatini miligramu 60 hadi 80 kwa kila mita ya mraba ya mwili, siku ya 1, na etoposidi miligramu 100 hadi 120 kwa kipimo hichohicho, siku ya 1, 2 na 3. Hurudiwa kila siku 21, mizunguko 4 hadi 6.

Hesabu ni rahisi kuifuata. Mtu wa sentimita 170 na kilo 65 ana eneo la mwili la mita za mraba 1.75. Etoposidi ya 100 inakuwa miligramu 175 kila siku, na sisplatini ya 75 inakuwa kama miligramu 130. Ndiyo maana mgonjwa hupimwa uzito kila mzunguko. Akiwa amepungua kilo 8 na dozi haikubadilika, uliza.

Figo zikiwa dhaifu, sisplatini hubadilishwa na kaboplatini, ambayo dozi yake hutokana na nguvu ya figo: jumlisha uchujaji wa figo na 25, kisha zidisha kwa lengo la daktari, kwa kawaida 5. Uchujaji ukiwa 60, dozi ni miligramu 425.

Lakini kabla ya kukubali kwamba figo ni dhaifu, tazama ultrasaundi. Uvimbe wa nyonga mara nyingi umeziba mirija ya mkojo na figo zimejaa maji. Zikifunguliwa, kwa mpira wa kibofu au kwa mrija unaotolewa mgongoni, kreatinini inaweza kushuka ndani ya siku chache na mgonjwa akapata dozi kamili. Kuanza kemo figo zikiwa zimeziba ni kosa lenye kuua.

Ugonjwa ukiwa bado uko nyonga tu, mionzi huongezwa pamoja na dripu au baada yake. Kama kuna mchanganyiko na saratani ya kawaida, homoni huendelea pembeni: goserelini miligramu 3.6 kila siku 28, au 10.8 kila wiki 12, au upasuaji wa kutoa makende. Homoni peke yake haitoshi. Familia na ielezwe ukweli mapema: kwa wengi uvimbe husinyaa haraka mizunguko ya kwanza, kisha hurudi. Ugonjwa uliogunduliwa ukiwa umeshasambaa, karibu nusu ya wagonjwa hufariki ndani ya mwaka mmoja hivi hata wakitibiwa. Nafuu ya miezi hiyo ni ya kweli, na ndiyo ya kupangia mambo.

*Sarkoma.* Kwa mtu mzima, upasuaji unaotoa uvimbe wote na ukingo safi ndio wenye matumaini makubwa. Mara nyingi kibofu huondoka pamoja na tezi. Mionzi huongezwa kabla au baada. Iliyosambaa hupewa doksorubisini miligramu 75 kwa mita ya mraba kila siku 21, kwa kawaida isizidi mizunguko 6 kwa sababu ya moyo, na kipimo cha moyo kifanywe kabla ya dripu ya kwanza. Mkojo utakuwa mwekundu siku moja au mbili. Hiyo ni rangi ya dawa, si damu. Kwa mtoto, kemo hutangulia na huchukua miezi mingi, na upasuaji au mionzi hufuata. Apelekwe penye madaktari wa saratani za watoto, na mzazi asikubali kibofu kutolewa kwanza kabla hao hawajamwona.

*Ya utando wa mkojo.* Hutibiwa kama saratani ya kibofu. Iliyozama ndani hupewa jemsitabini miligramu 1,000 kwa mita ya mraba siku ya 1 na ya 8, na sisplatini miligramu 70 kwa mita ya mraba siku ya 1, kila siku 21, mizunguko 4, kisha upasuaji wa kutoa kibofu na tezi dume. Homoni haina kazi hapa.

*Seli bapa.* Upasuaji kama bado haijatoka, au mionzi pamoja na dawa ya jamii ya platini. Homoni na PSA vyote havisaidii.

*Ductal na intraductal.* Hizi hufuata njia ya saratani ya kawaida ila kwa ukali: upasuaji, au mionzi pamoja na homoni miezi 18 hadi 36. Asiwekwe kwenye orodha ya kusubiri na kuangalia. Uliza kuhusu kipimo cha BRCA2, jeni ambayo hitilafu yake hurithiwa na huongeza hatari ya saratani. Kikiwa chanya, watoto na ndugu wa tumbo moja nao wana cha kupima.

*Zenye ute.* Chimbuko la tumbo na utumbo likishaondolewa, hutibiwa kama ya kawaida.

*Limfoma.* Haikatwi. Ya seli B kubwa hupewa R-CHOP, mchanganyiko wa kemo na rituksimabu, kila siku 21, mara nyingi mizunguko 6. VVU na homa ya ini B zipimwe kabla, kwani rituksimabu inaweza kuiamsha homa ya ini iliyolala.

Hatua ya 7: Kati ya dripu na dripu

Siku ya sisplatini mgonjwa apewe maji mengi ya dripu yenye chumvi, pamoja na magnesiamu, na mkojo upimwe kiasi. Ondansetroni na deksamethasoni zitangulie, si baada ya kutapika. Etoposidi ishuke taratibu, dakika 30 hadi 60, maana ikikimbizwa presha huanguka. Masikio yakianza kulia au vidole kufa ganzi, semeni kabla ya mzunguko unaofuata.

Kuanzia siku ya 7 hadi ya 14 chembe nyeupe za damu, zinazopigana na maambukizi, huwa chini kabisa. Pima joto asubuhi na jioni. Likifika 38 na kubaki hapo saa moja, au 38.3 mara moja tu, ni dharura: nendeni hospitali muda huohuo. Msimpe panadoli mkisubiri kukuche. Mkifika, sema neno la kwanza kabisa kwamba yuko kwenye kemo, ili picha ya damu na antibayotiki ya sindano vianze ndani ya saa moja. Malaria ipimwe pia, lakini antibayotiki isisubiri majibu ya malaria.

Hatua ya 8: Pima kama dawa inafanya kazi

Kwa aina hizi PSA isiwe kipimo pekee. CT irudiwe baada ya mizunguko 2 au 3, na LDH ifuatwe kila mzunguko kama ilikuwa juu. Linganisha CT na ile ya mwanzo, kwenye mashine ileile ikiwezekana. Uvimbe ukiwa umekua baada ya mizunguko 2, usikubali "tumalizie tu sita". Ulizeni mpango wa pili.

Yakikwama

*Ripoti mbili zinapingana.* Usichague ile inayopendeza. Vibloko vyote viwili viangaliwe na mtu mmoja, mezani kwa wakati mmoja, IHC ikiwepo. Mara nyingine zote ni sahihi, kwa kuwa kila kinyama kilichukua sehemu yake ya uvimbe mchanganyiko.

*Ripoti imesema uvimbe wa granuloma (vinundu vya uchochezi), hakuna saratani.* TB ya tezi dume hufanya tezi kuwa ngumu na PSA kupanda. Mkojo upimwe TB. Aliwahi kuwekewa BCG kwenye kibofu, ile chanjo ya TB inayotumika pia kutibu saratani ya kibofu? Hiyo nayo huleta picha ileile.

*Kinyama hakitoshi kwa IHC.* Muulize mtaalamu wa patholojia ni alama zipi tatu au nne za kuanza nazo, ili kilichobaki kisiishie kwenye alama zisizo na kazi.

*Chembe nyeupe hazijapanda siku ya 21.* Mzunguko husogezwa wiki moja. Kwa unaofuata, uliza filgrastimu, sindano ya kupandisha chembe nyeupe, inayoanza saa 24 hadi 72 baada ya dripu ya mwisho.

*Bima imekataa dawa.* Barua ya daktari iwe na jina kamili la aina, si "saratani ya tezi dume". Kwa jina hilo la jumla, etoposidi huonekana kama kosa la mwandishi. Ambatanisha nakala ya IHC.

*Mgonjwa amechanganyikiwa ghafla.* Sodiamu na kalsiamu zipimwe siku hiyo. Msimnyweshe maji kwa wingi kabla ya majibu. Sodiamu ikiwa chini, maji huizidisha kushuka.

*Miguu imelegea, ganzi kiunoni, mkojo au choo vimekataa kutoka.* Uti wa mgongo unabanwa. Deksamethasoni, kwa kawaida miligramu 16 kwa siku, MRI na mionzi au upasuaji ndani ya saa 24. Aliyefika akiwa bado anatembea ana nafasi kubwa ya kuendelea kutembea. Aliyefika siku ya tatu mara nyingi habahatiki.

*Maumivu hayatulii.* Morfini ya maji ya kunywa ipo kwenye hospitali zenye tiba shufaa, na Uganda imekuwa ikitolewa kwa miongo mitatu sasa. Hupewa kila saa 4 kwa kufuata saa, si kusubiri mpaka alie. Dozi ya usiku inaweza kuongezwa maradufu ili alale. Dawa ya kulainisha choo ianze siku ileile ya morfini, kwa sababu choo kikigoma wiki nzima mgonjwa ataikataa dawa iliyokuwa inamtuliza.